Ufunguzi, Utangulizi au Mwanzo? Istilahi za Wanafunzi wa Filamu katika Unguja

Miongoni mwa mazoezi wanayopewa wanafunzi wa filamu, lipo moja lililozoeleka sana: kikundi cha wanafunzi hutakiwa kupanga, kupiga na kuhariri sehemu ya mwanzo tu ya filamu ya kubuni, bila ya kuimaliza filamu yenyewe. Katika mitaala ya Uingereza ya masomo ya vyombo vya habari, zoezi hili liliwekewa kikomo cha dakika mbili. Ni zoezi dogo, lakini ndani yake mna kazi zote za filamu, na zaidi ya hayo mna kazi ya kuelewana. Katika makala haya hatukusudii kufundisha upigaji wa filamu. Tunakusudia kuyahakiki maneno ambayo mwalimu wa Unguja hana budi kuyatumia akitaka kuliweka zoezi hili kwa Kiswahili. Dai letu ni kwamba jina analolipa mwalimu zoezi huamua kitakachopigwa na kamera.

Unguja si mgeni wa sinema. Jumba la Royal lilifunguliwa Vuga mwaka 1921. Liliungua mwaka 1954, na mwaka uliofuata likajengwa upya kwa jina la Majestic. Televisheni ya rangi ilianza Zanzibar mwaka 1973, ilhali Tanzania Bara ilingoja hadi mwaka 1994. Tamasha la Kimataifa la Filamu la Zanzibar lilianzishwa mwaka 1997, na maonyesho yake mengi yamefanyika Ngome Kongwe. Basi maneno ya sinema kisiwani humu ni ya siku nyingi. Lakini yafaa tuelewe kwamba maneno hayo aghalabu ni ya mtazamaji, si ya mtengenezaji. Aliyekwenda Majestic akasema ameona "picha" nzuri alieleweka bila ya taabu. Kikundi kinachopanga kazi hakiwezi kuridhika na neno hilo, kwani "picha" ni filamu nzima, ni kipande kimoja kilichopigwa, na tena ni taswira moja iliyosimama. Mwanafunzi akiambiwa "picha ya tatu ni fupi mno," atafupisha kipi?

Neno "onyesho" lina dosari ya namna hiyo hiyo. Katika tamthilia za jukwaani ni sehemu ya mchezo. Katika majumba ya sinema ni kule kuonyeshwa kwa filamu mbele ya watu. Ikiandikwa kwamba "onyesho la kwanza litakuwa usiku," hatujui kama ni hadithi inayoanza usiku au ni watazamaji watakaokuja usiku. Wapo watakaosema kwamba hata "shoti" ina maana mbili, kwa kuwa ipo shoti ya umeme. Hoja hiyo haina uzito. Fundi wa umeme na mpiga kamera hawagombanii neno hilo katika daftari moja. Neno lenye maana mbili huleta madhara pale maana zote mbili zinapokuwa ndani ya fani moja.

Sasa tulitazame jina la zoezi lenyewe. La kwanza linalopendekezwa ni "ufunguzi wa filamu". Kila tamasha lina siku ya ufunguzi na lina filamu ya ufunguzi, yaani ile inayoonyeshwa siku hiyo. Hebu tufikirie kikundi kinachoandika barua ya kuomba ruhusa ya kupiga "ufunguzi wa filamu" pale Forodhani. Afisa anayeipokea atakuwa na haki ya kuuliza mgeni rasmi ni nani na viti vitakuwa vingapi. Kosa halitakuwa la afisa, bali la neno, ambalo katika lugha ya ofisi limekwisha kupata kazi nyingine.

La pili ni "utangulizi", nalo tunaliona ni la hatari zaidi, kwa sababu linaonekana halina kosa. Utangulizi hutangulia jambo. Wenyewe si jambo. Msomaji anaweza kuuruka utangulizi wa kitabu na hadithi isipungue kitu. Mwanafunzi aliyeambiwa atengeneze utangulizi hufanya kama alivyoambiwa: hutafuta sauti ya kueleza Unguja ni kisiwa gani, na chini ya sauti hiyo huweka jahazi baharini, mlango wa nakshi na kichochoro cha Hurumzi. Dakika mbili huisha, na hakuna mtu aliyetaka kitu wala aliyekinyimwa. Amepiga kadi ya posta. Mtambaji wa hadithi wa kwetu hafanyi hivyo. Akisema "paukwa", wasikilizaji hujibu, na papo hapo wamekwisha kuingia katika kazi ya hadithi.

Tuchukue mfano. Riwaya ya Adam Shafi, *Vuta N'kuvute*, ilichapishwa mwaka 1999, na Amil Shivji akaifanya filamu mwaka 2021. Riwaya inaanza kwa kumsawiri Yasmin, msichana wa Kihindi aliyeozwa mume aliyemzidi umri kwa mbali. Mwandishi ana nafasi ya kutueleza hayo kwa maneno. Tuseme mwalimu anawapa wanafunzi kurasa hizo na kuwataka wazipangie filamu yao wenyewe. Akisema "utangulizi", watamtafuta msimulizi. Akisema "mfuatano wa mwanzo", watalazimika kuuliza: shoti ya kwanza ni ipi, na kwa nini ifuatwe na ile ya pili? Je, tuanze na mkono wa msichana dirishani, au na mume dukani? Sauti za mtaani zisikike kabla hatujauona mtaa? Hata mandhari yatahojiwa. Hadithi ni ya miaka ya mwisho ya utawala wa Mwingereza; kwa hiyo madishi ya televisheni hayafai kuonekana, wala ile sehemu ya Beit el Ajaib iliyoporomoka tarehe 25 Desemba 2020.

Kwa sababu hizo tunapendekeza "mfuatano wa mwanzo". Tumeliepuka neno "mfululizo", kwani limezoeleka kwa michezo ya televisheni inayoendelea wiki hadi wiki. "Filamu" iwe kazi nzima, na "onyesho" libaki kwa jukwaa na kwa kuonyeshwa kwa filamu. "Shoti" iwe kipande kimoja, tangu kamera inapoanza hadi inapokatizwa. Na "sini", ambayo waigizaji wetu wanaitumia tayari, iwe tukio la mahali pamoja na wakati mmoja. Karatasi ambayo kikundi huchorea shoti kabla ya kupiga tuiite "michoro ya shoti". Anayeifasiri neno kwa neno kutoka Kiingereza atapata "ubao wa hadithi", na mwanafunzi atatazama ukutani.

Huenda ikasemwa kwamba tumekopa tulipotaka na tukakataa tulipotaka. Sivyo. Tumekubali mkopo pale ambapo neno limekwisha kuingia kazini na halina mpinzani katika fani. Tumekataa neno la asili pale ambapo linampeleka mwanafunzi kusikotakiwa. Asili ya neno si kipimo. Kipimo ni kazi.

Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa mwaka 1967, na la Zanzibar likawekewa sheria yake mwaka 2004. Ni wajibu wa mabaraza kusanifu, lakini istilahi za fani hii hazitapatikana mezani peke yake. Walimu wazijaribu hizi tulizozitaja kwa kikundi cha wanafunzi wanne na karatasi moja ya michoro. Neno litakalowafanya wanne hao wachore kitu kimoja ndilo la kupelekwa barazani. Litakalowafanya wachore vitu vinne liachwe, hata likiwa zuri masikioni.