Siku Kumi na Mbili za Karantini: Samaki wa Bahari Anapofika Kihonda

Morogoro ina uzoefu wa siku nyingi na samaki wa maji baridi. Kingolwira kuna kituo cha serikali kinachozalisha vifaranga vya perege na kambale. Samaki wa bahari anayefugwa sebuleni, tuseme katika kata ya Kihonda mjini Morogoro, ana mahitaji tofauti. Amepanda kutoka pwani, safari ya karibu kilomita 200, akiwa ndani ya mfuko wa plastiki. Anafika amechoka na kinga ya mwili imeshuka. Ukimtia moja kwa moja kwenye tangi la wenzake, ugonjwa wowote aliokuja nao utakuwa wa wote.

Kwa mfugaji wa huku bara, karantini inayofaa zaidi ni ile iliyojaribiwa na mtafiti Angelo Colorni huko Eilat, kwenye Bahari ya Shamu, miaka ya 1980. Haihitaji dawa. Msingi wake ni kujua ratiba ya kimelea na kumtangulia.

Kimelea mwenyewe ni Cryptocaryon irritans, anayeleta vidoa vyeupe kama chembe za chumvi kwenye ngozi, mapezi na matamvua. Samaki aitwaye kangaja ni miongoni mwa wanaoathirika haraka. Kimelea hukaa kwenye mwili wa samaki siku 3 hadi 7 akila, kisha hujiachia, hushuka chini na kujifungia ndani ya gamba gumu. Humo hujigawa, na baada ya angalau siku 3 huanza kutoa mamia ya watoto wanaoogelea kutafuta samaki. Wasipompata ndani ya siku moja au mbili, hufa. Ndiyo maana vidoa vikitoweka mfugaji hudhani samaki amepona, kumbe kizazi kipya kinaandaliwa sakafuni.

Colorni aliishambulia nafasi hiyo ya siku 3. Samaki alihamishiwa tangi safi kila baada ya siku 3, mara 4 mfululizo. Vimelea walioanguka waliachwa nyuma kabla hawajapasua magamba yao, na samaki hakupata maambukizi mapya. Waliokuwa bado mwilini nao walidondoka mmoja mmoja katika matangi yaliyofuata. Kufikia siku ya 12, mzunguko ulikuwa umekatika.

Kwa Kihonda, vyombo viwili vya plastiki vinatosha. Samaki akiwa kwenye kimoja, kingine kinaoshwa na kukaushwa kabisa juani, kwa kuwa ukavu huua vimelea waliojifungia. Kila chombo kiwe na hita, mpira wa hewa na jiwe lake. Usihamishe kifaa chochote kati ya hivyo kutoka chombo kimoja hadi kingine kabla hakijakauka. Samaki abebwe na maji kidogo kadiri inavyowezekana, na saa 72 zisipitishwe. Usiweke mchanga wala matumbawe. Kipande cha bomba la plastiki kinamtosha kujificha.

Maji ndiyo gharama kubwa. Chumvi ya jikoni haifai, kwani bahari ina pia magnesi, kalsi na potasi. Tumia maji safi ya bahari yaliyoletwa kwa madumu, au chumvi maalumu ya matangi, gramu 35 hivi kwa lita. Maji ya bomba yaondolewe klorini kwanza. Faida ni kwamba kila uhamisho huleta maji mapya, hivyo amonia haipati muda mrefu wa kurundikana. Usiku wa Juni na Julai, baridi ya milima ya Uluguru ikishuka, hita ishikilie nyuzi 25 hadi 27. Umeme ukikatika, pampu ya hewa ya betri iwe tayari.

Njia hii ina mipaka. Amyloodinium, kimelea mwingine anayemfunika samaki kwa vumbi la rangi ya dhahabu, huzaliana haraka zaidi na anaweza kuupita uhamisho. Dhidi yake hutumika dawa ya shaba, takriban miligramu 0.15 hadi 0.20 kwa lita, ikipimwa kila siku, na kamwe isiingie kwenye tangi lenye kamba au matumbawe. Minyoo ya ngozi na matamvua huhitaji prazikwanteli, dawa ileile ya kichocho. Kwa hiyo baada ya siku 12, mweke samaki pembeni wiki mbili zaidi umwangalie anavyokula na anavyopumua.

Na kama tangi kuu limeshaambukizwa, karantini ya mgeni peke yake haitasaidia. Baadhi ya magamba ya Cryptocaryon hupasuka baada ya hadi siku 72, kwa hiyo tangi lazima likae bila samaki zaidi ya muda huo. Mfugaji asiye na vyombo viwili vya ziada na subira ya mwezi mmoja asinunue samaki wa bahari kwanza. Avitafute hivyo, ndipo amlete samaki.