Sifa kwa Kiswahili, Viungo kwa Kiingereza

Ukisafiri kutoka Likoni hadi Lodwar, maandishi ya Kiswahili utakayokutana nayo mara nyingi zaidi njiani si ya riwaya wala ya diwani. Ni ya matangazo ya chakula. Yamepakwa rangi kwenye kuta za maduka, yamebandikwa migongoni mwa matatu, yanaimbwa redioni kabla na baada ya taarifa ya habari. Kama wingi wa wasomaji ndio kipimo cha mwandishi, basi waandishi wetu wakuu wamo kwenye kampuni za utangazaji, na majina yao hatuyajui.

Sisi wahakiki tumeyaacha maandishi haya yapite tu. Leo nataka kuyasoma kama ninavyosoma hadithi fupi: nani anasema, anamwambia nani, na anaficha nini. Sababu yangu si ya usomi pekee. Kisukari na shinikizo la damu si habari za mbali tena. Karibu kila familia ninayoijua ina mtu anayemeza dawa za mojawapo. Chumvi na sukari hazikuingia jikoni kwa wingi huu zenyewe. Kwa kiasi kikubwa zilikaribishwa na maneno.

Shuleni tunayagusa maneno haya, ila kidogo. Mwanafunzi wa kidato cha nne akiulizwa kuhusu sajili ya matangazo anajua kujibu: kuna chuku, kuna takriri, kuna kuchanganya ndimi, kuna lugha ya kushawishi. Anapata alama zake nne, anatoka mtihanini, anavuka barabara na kununua soda. Sifa zote ameziorodhesha. Swali ambalo hakuulizwa ni moja: chuku hiyo inamfaidi nani?

Chukua hadithi ya kawaida ya tangazo la kiungo cha mchuzi. Sitaji kampuni kwa sababu hadithi ni ile ile, hubadilika rangi ya pakiti tu. Jioni imefika. Watoto wamekaa mezani wamenuna. Baba amerudi kazini amechoka. Mama amesimama jikoni na wasiwasi usoni: chakula kipo, lakini hakina mvuto. Ndipo anapofungua kipakiti kidogo. Mvuke unapanda, muziki unachangamka, watoto wanakimbilia sahani, baba anaomba aongezewe.

Mgogoro wa hadithi hii ni upi? Si njaa, maana chakula kipo. Ni hofu ya mama kwamba hatapendwa. Tangazo limeiumba hofu hiyo kwa sekunde kumi, kisha likamuuzia dawa yake. Na shujaa ni nani? Katika Kiswahili chetu, mpishi hodari husifiwa kwamba ana mkono. Sifa hiyo ni ya mtu: anajua kitunguu kikaangwe hadi wapi, nyanya ngapi zinatosha, moto upunguzwe lini. Tangazo linauhamisha mkono huo kutoka kwa mpishi hadi kwenye pakiti. Mama anabaki na kazi ya kufungua.

Kilichomo ndani ya pakiti hakitajwi kwenye hadithi. Vipande vingi vya kiungo cha mchuzi vina chumvi inayofika nusu ya uzito wake au kupita. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, na hapo imehesabiwa ya mkate, ya chipsi na ya kila kitu. Anayetia kipande kwenye sufuria kisha akanyunyiza chumvi kama alivyozoea, ametia chumvi mara mbili, na hakuna aliyemwambia.

Tuje kwenye maneno madogo, kwa maana ndiyo yanayofanya kazi ngumu. La kwanza ni "ladha ya". Juisi ya embe ni kitu kimoja. Kinywaji chenye ladha ya embe ni kingine kabisa. Sentensi ya pili haisemi kwamba embe limo. Kisarufi haijadanganya hata kidogo. Inayodanganya kwa niaba yake ni picha ya embe lililokatwa, likichuruzika utomvu.

La pili ni "kimeongezwa vitamini". Tuwe waungwana hapa: kuongeza vitamini na madini kwenye unga wa viwandani ni jambo jema, na Kenya ililifanya kuwa la lazima kisheria mwaka 2012. Lakini biskuti iliyojaa sukari haigeuki kuwa mboga kwa sababu imeguswa na vitamini. Neno "kimeongezwa" linatuonyesha kilichotiwa ili tusiulize ni nini kingine kilichomo.

La tatu ni "nguvu", pamoja na ndugu yake "kuburudika". Soda ya kawaida huwa na takriban gramu 10 za sukari katika kila mililita 100. Chupa ya nusu lita basi ina kama gramu 50, au vijiko kumi na viwili vya chai. Kwa mtu mzima wa wastani, hicho ndicho kiwango cha juu cha siku nzima ambacho Shirika la Afya Duniani linashauri kisipitwe, na ni chupa moja tu ya saa sita mchana. Hebu weka vijiko kumi na viwili kwenye kikombe chako cha chai uone kama utakunywa. Tangazo haliwezi kusema "sukari vijiko kumi na viwili", kwa hivyo linasema "nguvu".

Sasa geuza pakiti. Upande wa mbele unazungumza Kiswahili, mara nyingine Sheng kabisa, kama jirani anayekujua tangu utotoni. Upande wa nyuma, kwa herufi za mchwa, kuna Kiingereza cha maabara. Pakiti nyingi nilizozisoma zina mgawanyo huu: sifa kwa Kiswahili, viungo kwa Kiingereza. Wakati wa kubembelezwa tunabembelezwa kwa lugha ya nyumbani. Wakati wa kuelezwa tunaelezwa kwa lugha ya ofisi. Na mnunuzi wa kadogo, yule wa shilingi kumi kumi, hata hicho Kiingereza ni vigumu kukiona, maana nafasi yote imeliwa na jina na picha.

Hili si jambo dogo la mtindo. Katiba ya 2010, kifungu cha 7, inakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Kifungu cha 46 kinampa mtumiaji haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidike kikamilifu na bidhaa. Ukivisoma vifungu hivi viwili pamoja, orodha ya viungo isiyoeleweka na mnunuzi inaanza kuonekana kama haki iliyotolewa kwa mkono mmoja na kunyang'anywa kwa mwingine.

Atakayesema kwamba kampuni haziwezi kulazimishwa kubadili maneno, akumbuke maziwa ya unga ya watoto. Mwaka 1974 shirika la War on Want la London lilichapisha kijitabu cha Mike Muller kilichoeleza jinsi maziwa hayo yalivyokuwa yakiuzwa katika nchi maskini, hata kwa kutumia wauzaji waliovaa kama wauguzi. Mwaka 1977 Wamarekani wakaanza kususia bidhaa za Nestlé. Mwaka 1981 Baraza la Afya Duniani likapitisha kanuni za kimataifa, na ndani yake mna mambo ambayo mhakiki yeyote angeyatambua: lebo ieleweke na iwe katika lugha inayofaa, kusiwe na picha za watoto wachanga, kusiwe na maneno ya kuitukuza bidhaa. Kenya ikatunga sheria yake mwaka 2012. Chile nayo, tangu 2016, inalazimisha alama nyeusi mbele ya pakiti zenye sukari, chumvi au mafuta kupita kiasi. Maneno ya pakiti, basi, yanaweza kuhaririwa na umma.

Upande wa afya nao nina lawama nao, ya kifasihi. Soma mabango ya zahanati: Punguza chumvi. Epuka mafuta. Fanya mazoezi. Ni amri juu ya amri, kama mwalimu wa zamu. Tangazo la soda halimwamrishi mtu. Linamsimulia, linamwimbia, linamwita kwenye karamu. Kati ya mwalimu mkali na jirani mcheshi, tunajua watu watakwenda kuketi wapi. Ukweli ulioandikwa vibaya hushindwa na uongo ulioandikwa vizuri.

Najua kuna msomaji atakayenijibu: wewe andika tu, mimi nina jiko moja na gesi inayoisha katikati ya mwezi. Ana haki. Maharagwe makavu yanakula saa na moto. Tambi za pakiti ni dakika chache. Tangazo linafaulu kwa sababu linaujua uchovu wetu kuliko bango la zahanati linavyoujua. Lakini pakiti si jibu pekee la uchovu huo. Mitaani Nairobi kuna anayeuza githeri na maharagwe yaliyokwisha kuchemshwa, unapimiwa, unakwenda kukaanga. Kuna mama mboga anayekukatia sukuma na kabeji huku mkipiga gumzo, ukifika nyumbani ni kutia sufuriani. Wametatua tatizo lile lile la muda, kwa chakula chenyewe, bila hata sekunde moja ya redio. Hakuna anayewaandikia wimbo.

Tena tunajua kwamba chakula kikipewa jina na heshima yake hurudi mezani. Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia ametumia miaka mingi kutafiti mboga za kienyeji, zile ambazo wengi walikuwa wameziita magugu au chakula cha maskini. Leo managu, saga, kunde na mrenda ziko sokoni na hotelini bila aibu. Mwaka 2021 UNESCO iliitambua kazi ya Kenya ya kuhifadhi vyakula vya asili kuwa mfano wa kuigwa. Sehemu kubwa ya kazi hiyo ilikuwa ya maneno: kukusanya majina ya mimea katika lugha za wenyeji, na kuandika inavyopikwa kabla wanaojua hawajaondoka.

Kwa hivyo ninachodai ni cha mhakiki. Viungo viandikwe kwa Kiswahili, kwa herufi zinazosomeka, upande ule ule wa sifa. Waandishi wetu, wale wenye majina, waandike kuhusu kunde kwa ufundi unaotumika kuuza soda. Na kabla hayo hayajatimia, msomaji, anza na upande wa nyuma. Viungo huorodheshwa kwa uzito, kilicho kingi kwanza. Soma vitatu vya mwanzo, na kama Kiingereza chake kinakupiga chenga, mwulize kijana wa dukani akusomee kwa sauti. Ikiwa sukari au chumvi imo kati ya hivyo vitatu, hiyo ndiyo hadithi ambayo upande wa mbele haukukusimulia.