Kiraka Bila Barua

Shuleni tulikaririshwa kwamba uhakiki ni wa fasihi: maudhui, wahusika, mbinu za lugha, basi. Hakuna mwalimu aliyetudokezea kwamba kuna watu wanaosoma maandishi ya wenzao mstari kwa mstari, wakayakataa, wakadai yaandikwe upya, na maandishi yenyewe ni msimbo wa kompyuta. Programu huria, zile ambazo msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma na kuubadilisha, zinaishi kwa uhakiki huo. Badiliko unalopendekeza huitwa kiraka, na kiraka hakishonwi mpaka mtu mwingine akikague.

Kwa miaka mingi kiraka kilisafiri kwa barua pepe. Unakituma kwa orodha nzima ya wanamradi. Mhakiki anakunukuu, anafuta mistari isiyomhusu, na chini ya kila mstari aliouacha anaweka pingamizi lake. Unarekebisha, unatuma toleo la 2, la 3, hata la 9, na kila mara unaeleza umebadilisha nini. Kiini cha Linux, alichokianzisha Linus Torvalds mwaka 1991, bado kinaendeshwa hivyo. Mesa, maktaba ya programu inayochora picha za 3D kwenye Linux, nayo iliishi hivyo mpaka ilipoanza kuhamia GitLab mwaka 2018. Wine ikafuata 2022. Huko GitLab hutumi barua. Unafungua ombi la kuunganisha: ukurasa mmoja wenye msimbo, maoni yaliyoning'inia chini ya mistari, na kitufe cha kukubali.

Nimezisoma barua za zamani za miradi hii jinsi watu wengine wanavyosoma barua za waandishi waliokufa, na nasema bila kupepesa: kama utanzu, barua inalishinda ombi kwa mbali. Mwongozo wa Linux unataka uanze na tatizo, useme linamuathiri vipi mtumiaji, kisha ueleze badiliko kwa kauli ya kuamuru, kana kwamba unaupa msimbo maagizo. Huwezi kujificha. Msomaji ana maneno yako tu mbele yake, na usipomshawishi ataenda barua inayofuata. Ndiyo maana barua nzuri ya kiraka ina kitu ambacho insha zetu nyingi za mtandaoni hazina: inajua inamwandikia nani. Kwenye ombi, maelezo ni kisanduku unachoweza kukipita bila kuandika lolote la maana. Torvalds alilalamikia jambo hilo mwaka 2012 alipoyakataa maombi ya GitHub. Lugha yake ya enzi hizo ni habari nyingine. Mwaka 2018 mwenyewe aliomba radhi kwa ukali wa barua zake na akapumzika kidogo.

Lakini wapenzi wa barua hunikera pia. Wanaongea kana kwamba kila mtu ana meza, kompyuta na programu ya barua aliyoipanga mwenyewe usiku kucha. Mwongozo uleule wa Linux unasema wazi kwamba Gmail ya kwenye kivinjari haifai kutuma viraka, maana inageuza nafasi na kuvunja mistari. Barua yenye HTML ndiyo kabisa: seva inaikataa kabla binadamu hajaiona. Sasa mimi, nilipoacha chuo, nilikuwa na simu na bando la siku. Nilitaka kusahihisha maelezo yaliyopotosha katika mradi mmoja mdogo. Nikatuma kutoka kwa simu mara tatu, na mara tatu seva ikanirudishia. Hakuna aliyeniambia kazi yangu ni mbovu. Hakuna aliyeisoma! Miezi kadhaa baadaye mradi huo ukahamia maombi, nikaingia kwa kivinjari cha simu hiyohiyo.

Na si mlango tu uliopanuka. Barua isiyojibiwa ilizama chini ya barua nyingine na mwandishi wake akanyamaza, akidhani amepuuzwa. Ombi linabaki pale, wazi, likimkodolea macho msimamizi. Halafu mashine zinaujaribu msimbo kwanza. Kule Mesa kuna roboti inayoitwa Marge, na haiunganishi kitu mpaka vipimo vipite. Kosa la kijinga unaambiwa na mashine, si na mzee wa mradi mbele ya umati. Kwa mgeni, hiyo si kitu kidogo. Ila mashine zinakula pesa: Februari 2020, X.Org Foundation ilitahadharisha kwamba gharama za seva zimepanda kiasi kwamba huenda vipimo vikazimwa. Barua haina njaa hiyo.

Kinachonisumbua zaidi ni kumbukumbu. Git, chombo ambacho Torvalds alikiunda 2005, humpa kila mwanamradi nakala nzima ya historia ya msimbo. Barua nazo zilikuwa hivyo kwa namna yake, maana kila aliyejiunga na orodha alibaki na mabishano yote kwenye sanduku lake. Fungua historia ya Mesa ya siku hizi. Chini ya badiliko utaona pengine jina la mhakiki, kisha kiungo kinachosema hii ni sehemu ya ombi fulani. Basi. Sababu, ubishi, ile njia iliyojaribiwa ikaachwa, vyote viko ng'ambo ya kiungo, kwenye hifadhidata ya seva moja. Siku seva hiyo ikifa, msimbo utakuwa kwenye maelfu ya kompyuta na hakuna atakayejua kwa nini uliandikwa hivyo.

Ningependa miradi inayohama ikubali mlango mpya na bado idai barua: aya mbili tatu ndani ya badiliko lenyewe, zisafiri na msimbo popote uendapo. Kiraka changu kilikuwa nazo. Niliandika mistari minane kueleza maelezo ya awali yalimpotosha nani na vipi, nikaifuta, nikaiandika tena. Mhakiki aliweka kidole gumba, hakuandika neno, na kiraka kikaingia siku hiyohiyo. Nilicheza peke yangu chumbani. Mpaka leo sijui kama aliisoma ile mistari minane.