Uyoga uliopotea katika "Jambo Bwana"

Mwezi uliopita nilikuwa Mji wa Kale, Mombasa, nikishuka Ndia Kuu kuelekea Ngomeni. Jua lilikuwa kali, nami nilivaa kofia pana na kutundika mkoba begani. Mtoto wa miaka kama kumi aliyekuwa ameketi barazani akanitazama kutoka kofia hadi viatu, kisha akasema: "Jambo!" Hakusema shikamoo. Hakusema salaam aleikum. Alinipa neno ambalo watoto wa mitaa ile huwawekea akiba watalii.

Mimi ni mzaliwa wa Kibokoni, mwendo wa dakika chache kutoka pale. Nimefundisha Kiswahili chuo kikuu zaidi ya miaka thelathini. Nakiri kwamba salamu ile iliniuma. Muuza kahawa tungu aliyekuwa kando, mtu wa rika langu, alicheka hata akaliweka dele chini. "Usikasirike bwana," akaniambia. "Mtoto hana kosa. Ni hiyo kofia yako."

Basi nikarudi nyumbani na wimbo kichwani, na msomaji ameshajua ni upi. "Jambo Bwana" ulitolewa mwaka 1982 na Them Mushrooms, bendi ya Mombasa ya ndugu wa familia ya Harrison, iliyokuwa ikipiga muziki tangu miaka ya sabini. Mtunzi wake ni Teddy Kalanda Harrison. Ni muziki uliokulia katika hoteli za pwani, mbele ya wageni waliotoka kuota jua, na mdundo wake una ladha ya kalipso: gitaa jepesi, kiitikio kifupi, sentensi ambazo mtu asiyejua lugha anaweza kuzishika kabla ya chakula cha jioni kwisha. Mwaka 1983 Boney M wakautia kwenye sahani yao. Mombasa Roots wakauimba, Safari Sound Band wakauimba hata wasikilizaji wengi wa ng'ambo wakadhani ni wao waliouanzisha. Leo wapagazi wa Kilimanjaro huuimba wakiwapokea wapanda mlima, na jina la mlima limekaa palipokuwa na jina la Kenya.

Kwa miaka mingi nilikuwa na hukumu moja tu juu ya wimbo huu: ni Kiswahili cha hoteli. Niliwaandikia wanafunzi makosa yake ubaoni. Kosa la kwanza, "jambo" si salamu. Salamu ni hujambo. Kosa la pili, anayeulizwa habari hujibu "nzuri", maana habari iko katika ngeli ya I-ZI, wala si "mzuri" kana kwamba ameulizwa juu ya sura yake. Siku moja mwanafunzi mmoja akainua mkono. "Profesa, kama wimbo ni mbaya hivyo, mbona unaukumbuka wote?" Darasa likaangua kicheko. Sikuwa na jibu, nikafuta ubao.

Jibu limenijia baadaye, na limetoka katika sarufi ileile niliyokuwa nikiitumia kama fimbo.

Hebu tuitazame hujambo. Ni huna jambo, kiambishi cha ukanushi kikiwa kimebanwa pamoja na nomino. Anayesema sijambo amesema sina jambo. Na jambo hapa si kitu chema. Jirani akikugongea usiku wa manane akakuambia kwa sauti ya chini "kuna jambo", hutarajii habari ya harusi. Kwa hiyo salamu yetu ya kila siku ni ukanushi wa balaa: twaulizana kama tumesalimika. Mtalii alipoukata ukanushi akabaki na "jambo" tupu, bila kujua alikuwa akitangaza msiba kwa tabasamu.

Sasa sikiliza wimbo unafanya nini. Unaanza na salamu iliyokatwa kichwa, ile ya wageni, lakini haufiki mbali kabla ya kuurudisha ukanushi uliopotea: hakuna matata. Matata ni ndugu wa utata, tatizo na kutatana. Ni uzi uliojifunga mafundo. Kusema hayapo ni kusema kilekile kinachosemwa na sijambo. Watu wa Mombasa kwa kawaida wangesema si neno, au hapana neno, na neno ni jambo vilevile. Sidai kwamba mtunzi alikaa akapanga haya kwa kalamu ya mwanaisimu. Nadai kwamba sikio lililolelewa na Kiswahili cha pwani halikuweza kuiacha salamu ikining'inia nusu. Kilichovunjwa mwanzoni kimeungwa mbele kidogo.

Kuna ushahidi mwingine, nao ni neno moja: mwakaribishwa. Wimbo haukusema "mnakaribishwa", kama ambavyo wengi wangesema Nairobi na kama vinavyofundisha vitabu vingi vya wanaoanza. Umetumia -a-, ile njeo ambayo mwanafunzi wa kigeni hukutana nayo amechelewa, akaishangaa. Ni kitenzi cha mwenyeji halisi, kimepachikwa katikati ya somo la watalii. Mgeni huliimba lote, silabi tano, bila kujua amepewa Kiswahili kizuri kuliko alichokiomba.

Na bwana? Wenzangu wengine husikia humo sauti ya mtumishi mbele ya mlowezi, na sikatai kwamba neno hilo lilipita huko. Lakini muuza kahawa aliponiambia nisikasirike bwana, hakuwa mtumishi wangu. Pwani hatujawahi kuliacha neno hili mikononi mwa walowezi. Uzito wake hutegemea kinywa, na hapo ndipo matoleo ya baadaye yanapoachana na lile la mwanzo.

Boney M lilikuwa kundi lililoundwa Ujerumani na mtayarishaji Frank Farian, na waimbaji wake wa awali walizaliwa visiwa vya Karibi. Kwa hiyo mdundo wa kalipso uliopandwa Mombasa ulirudi, kwa njia ya studio za Ujerumani, katika vinywa vya watu wa pande ulikotoka. Walikwishafanya hivyo na "Malaika" mwaka 1981, na kabla yao Harry Belafonte, aliyeipa Marekani kalipso, alikuwa ameuimba wimbo huo pamoja na Miriam Makeba mwaka 1965. Uimbaji wa Boney M ni safi, hata safi kupita kiasi. Kila neno limepigwa pasi.

Kalipso yenyewe ilipigwa pasi namna hiyo. Kule Trinidad ulikuwa muziki wa kejeli na habari za mtaani, jamaa wa karibu wa mafumbo ya taarabu yetu. Lord Invader alitunga "Rum and Coca-Cola" akiwasema askari wa Kimarekani waliojaa kisiwani kwao. Andrews Sisters wakaufanya maarufu Marekani mwaka 1945, watu wakaucheza bila kujua nani anasemwa, na Lord Invader akalazimika kwenda mahakamani kudai haki yake. Nasi tumeyaona ya kwetu: baada ya filamu ya mwaka 1994 ya simba na nguruwe pori, Disney iliyasajili maneno "hakuna matata" kuwa alama ya biashara Marekani. Kelele za Waafrika zilivuma hasa mwaka 2018.

Hata hivyo kinachonikera zaidi ni kidogo kuliko hicho. Katika toleo la Them Mushrooms wameutaja uyoga. Mgeni husikia neno la ajabu tu, lakini ndilo jina la bendi kwa Kiswahili, na baadaye bendi yenyewe ikalitumia. Anayezijua tenzi zetu ataitambua desturi hiyo mara moja. Mtunzi, akikaribia tamati, hujitaja jina ili utungo usiwe yatima. Matoleo mengi yaliyofuata yameubakisha ukaribisho, yakaibakisha nchi au kuibadili, lakini uyoga yameutupa. Utaeleza vipi uyoga kwa mtu wa Hamburg? Ni rahisi kuuondoa. Lakini ukiuondoa, wimbo unakuwa wa kila mtu, na kitu cha kila mtu hakidaiwi malipo na yeyote. Hapo ndipo ninapomhukumu mwimbaji wa toleo jipya. "Mzuri" nimeshawasamehe.

Siku chache baada ya ile salamu ya Ndia Kuu nilialikwa chakula katika hoteli moja ya pwani ya kaskazini. Vijana wanne wenye magitaa walipita meza hadi meza, na walipofika kwetu wakaanza kuuimba. Waliimba vizuri, na mwakaribishwa yao ilikuwa kamili. Walipomaliza nikamwita mpiga gitaa nikamuuliza kwa nini wameuacha uyoga.

Akanitazama, akamtazama mwenzake.

"Uyoga gani, mzee?"