Old Harbor: Kituo cha Uokoaji Kilichohama na Mpangilio Wake

Mwishoni mwa mwaka 1977, kituo cha uokoaji wa baharini cha Old Harbor, kilichojengwa mwaka 1897 kwenye ulimi wa mchanga huko Chatham, Massachusetts, kilikatwa vipande viwili, kikapakiwa kwenye tishari na kupelekwa Provincetown, ncha ya rasi ya Cape Cod. Leo ni makumbusho katika ufukwe wa Race Point, chini ya Shirika la Hifadhi za Taifa la Marekani. Wapo wanaoshikilia kwamba jengo la kale likishang'olewa mahali pake hubaki ganda tupu. Kwa kituo hiki hoja hiyo haisimami, maana thamani yake imo katika mpangilio wake, nao ulihama pamoja nacho.

Mchoro wake, kazi ya msanifu George R. Tolman, umepewa jina la mji wa Duluth. Mnara wa mraba wa ghorofa nne umeshikamana na nyumba ya kuishi, na ubavuni kuna banda la mashua lenye paa la chini. Mlinzi aliyekaa juu alitazama bahari, wenzake wakila na kulala chini yake, hatua chache tu kutoka kwenye vifaa. Milango mipana ya banda hufunguka kwenye mteremko wa mbao, ili mashua na mkokoteni vitoke moja kwa moja kuelekea mchangani. Mkokoteni ulibeba mzinga mdogo wa kurushia kamba hadi kwenye meli iliyokwama, pamoja na boya lililoshonewa kaptula ya turubai, ambamo watu walivutwa mmoja mmoja hadi nchi kavu. Kuta ni za mbao, zimefunikwa kwa vigae vya mbao. Ndiyo sababu msumeno uliweza kuligawa jengo bila kuliangamiza.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni kwamba mafungu ya mchanga ya Chatham ndiyo yaliyoeleza kwa nini kituo kilijengwa pale. Ni kweli, na maelezo hayo yamepungua. Lakini mchanga wenyewe haukutulia: tufani ya theluji ya Februari 1978 ilikikumba na kukisomba kiwanja cha zamani, miezi michache tu baada ya jengo kuondolewa. Race Point nayo si mahali pa kubahatisha, kwani ilikuwa na kituo chake cha uokoaji tangu miaka ya 1870, kwenye pwani ileile iliyovunja meli nyingi. Wakati wa kiangazi, zoezi la kamba na boya bado huonyeshwa hapo. Kituo kilichobaki kwenye msingi wake huku banda la mashua likigeuzwa mgahawa kimepoteza zaidi. Mhifadhi anayepaswa kuchagua aanze na uhusiano wa mnara, banda na maji; anwani ifuate baadaye.