Jina na Mwisho: Uhakiki wa Filamu ya "Rafiki"

Makala haya yanakusudia kuihakiki filamu iitwayo Rafiki, iliyoongozwa na Wanuri Kahiu na kuonyeshwa kwa mara ya kwanza katika tamasha la Cannes, Ufaransa, mwezi Mei 2018. Huenda baadhi ya wasomaji wakauliza filamu ina nafasi gani katika jarida la lugha za Kiafrika, tena filamu inayosimulia mapenzi ya wasichana wawili. Jibu letu ni kwamba jina la filamu hiyo ni neno la Kiswahili, na ugomvi uliozuka juu yake, ukichunguzwa vizuri, ulihusu mambo mawili yaliyo ya taaluma yetu: namna hadithi inavyostahili kumalizika, na jina ambalo mtu anastahili kuitwa. Twadai kwamba katika jambo la kwanza filamu imefaulu, na katika la pili imeshindwa. Lakini kushindwa huko si kwake peke yake.

Kisa chenyewe ni chepesi kueleza. Kena na Ziki ni wasichana wa mtaa mmoja jijini Nairobi, na baba zao ni wapinzani katika uchaguzi wa bunge la kaunti. Kena hucheza mpira na wavulana na anatarajia kuwa muuguzi; Ziki humwambia kuwa anaweza kuwa daktari. Wanapendana, wanafumaniwa, wanapigwa na umati, na Ziki anapelekwa London. Kisa hiki kimetokana na hadithi fupi ya Monica Arac de Nyeko wa Uganda, "Jambula Tree", iliyopata Tuzo ya Caine mwaka 2007. Hadithi hiyo imetungwa kwa umbo la barua: Anyango anamwandikia Sanyu, aliyepelekwa ng'ambo. Kahiu ameliacha umbo hilo na kuihamisha mandhari kutoka Kampala, lakini amemhifadhi Mama Atim, jirani ambaye kazi yake kubwa ni kuona na kusema.

Mwezi Aprili 2018, kabla ya tamasha la Cannes, bodi ya serikali ya kuainisha filamu iliipiga marufuku nchini Kenya. Kwa maelezo ya mwongozaji mwenyewe, alikuwa ametakiwa aubadilishe mwisho ili majuto yaonekane, akakataa. Mwisho huo ni mfupi mno. Miaka imepita, Kena amekuwa daktari, na habari zimemfikia kwamba Ziki amerudi. Amesimama peke yake kilimani, mkono unamgusa bega, na filamu inaishia hapo. Hakuna arusi wala ahadi yoyote.

Yafaa tulitazame dai hilo la majuto kwa jicho la mhakiki, kwa kuwa ni dai la kifasihi. Msomaji wa riwaya na tamthilia zetu anaijua kanuni hii: mhusika aliyevunja mwiko hufa, hufukuzwa au hutubu, na hadhira huenda zake na funzo. Sisi wenyewe huwauliza wanafunzi, mwaka baada ya mwaka, "Mwandishi anatufunza nini?" Bodi haikufanya zaidi ya kuuliza swali letu la mtihani na kutoridhika na jibu. Kahiu anatufunza kwamba mtu anaweza kupigwa, kutengwa, kukua, kufanya kazi yenye heshima, na bado akangoja kuguswa bega na ampendaye. Hapo ndipo filamu ilipofaulu.

Tarehe 21 Septemba 2018 Jaji Wilfrida Okwany wa Mahakama Kuu aliisimamisha marufuku kwa siku 7, watu wazima wapate kuitazama, na ukumbi wa Prestige jijini Nairobi ukajaa. Tendo lile la kutazama pamoja nalo lilikuwa tukio la kijamii. Watu ambao mikutano yao huwa ya kificho walipata siku chache za kununua tikiti mchana na kuketi safu moja na majirani zao. Mimi sikuwako, niliiona mwaka uliofuata nikiwa masomoni ng'ambo, kati ya watazamaji waliokuwa wakisoma tafsiri chini ya picha. Huenda nilikuwa peke yangu ukumbini niliyewahi kununua mandazi kwa mtu kama Mama Atim.

Sasa ninaishi Huruma, hapa Eldoret, ambako mlango hutazamana na mlango, na anayerudi nyumbani usiku hujulikana amerudi saa ngapi na nani. Kwa hiyo naithamini sana mandhari ya filamu hii. Wapenzi hawana mahali. Hujificha ndani ya gari bovu lililotelekezwa. Wanapokwenda kwenye burudani ya usiku, wakiwa wamejipaka usoni rangi zinazong'aa, wanacheza kana kwamba mtaa haupo. Mtazamaji mwepesi ataliita onyesho hilo anasa. Kwa hakika linaonyesha haja ya mahali, kwa kuwa kanisani wanahubiriwa na barabarani wanapigwa. Yupo pia kijana mmoja ambaye mtaa humdhihaki tangu mwanzo. Baada ya Kena kupigwa, huja akaketi kando yake, wala hasemi neno. Kwa maoni yangu hilo ndilo onyesho bora kuliko yote.

Lakini ukimya huo ndio unaotufikisha kwenye udhaifu tuliokwisha kuutaja. Kahiu ameeleza kwamba alichagua jina Rafiki kwa sababu Wakenya wengi walio katika mapenzi ya jinsia moja, wanapomtambulisha mwenzi wao, hulazimika kusema "huyu ni rafiki yangu". Neno lenyewe ni zuri. Asili yake ni Kiarabu, na humo limebeba maana ya mwenzi wa safari. Hata hivyo hapa limetumika kama pazia, na filamu haijaribu kutafuta neno jingine nyuma yake. Zaidi ya hayo, maneno mengi ya upole baina ya Kena na Ziki husemwa kwa Kiingereza. Mtazamaji wa Kiswahili huachwa na hisia kwamba lugha yake inafaa kwa soko na kwa umbeya, ila mahaba ya watu hawa yahitaji lugha ya kukopa.

Je, mwongozaji angelipata wapi neno? Tuchukue "shoga". Wanawake wa pwani wameitana hivyo kwa mapenzi na bila haya, na kamusi zetu zaihifadhi maana hiyo pamoja na ile ya mwanamume apendaye wanaume. Huku bara maana ya pili imeimeza ya kwanza, kisha imegeuka tusi. "Msagaji" humwita mtu kwa tendo, si kwa utu wake. Hakuna hata moja ambalo binti angeweza kulitumia kumtambulisha mpenzi wake kwa mamaye. Gill Shepherd aliandika juu ya watu hawa wa Mombasa mwaka 1987, naye aliandika kwa Kiingereza. Sisi wenye lugha tumewaachia watukanaji kazi ya istilahi.

Gharama ya pazia hilo tumeiona hapa hapa. Mwezi Januari 2023 mwili wa Edwin Chiloba, mbunifu wa mavazi na mtetezi wa haki za watu hawa, ulikutwa ndani ya sanduku la chuma kando ya barabara nje ya Eldoret. Habari za siku zile zilimtaja mtuhumiwa kuwa rafiki wa marehemu wa siku nyingi. Mwezi Desemba 2024 Mahakama Kuu ilimhukumu kifungo cha miaka 50. Neno lililozoea kuficha mapenzi lilitumika tena, safari hii katika habari za mauaji, na sisi wasomaji tukabaki kukisia. Mtu asiyeweza kusema kwa jina yule anayekaa naye hawezi pia kumwambia jirani kwamba anamhofia.

Wapo watakaosema kuwa kulipa jambo jina ni kulihalalisha. Hoja hii haina uzito. Mwezi Mei 2019 Mahakama Kuu ilikataa kuvifuta vifungu vya sheria vinavyokataza mapenzi haya, na mwezi Februari 2023 Mahakama ya Juu iliamua kwamba watetezi wao wana haki ya kusajili chama. Mabishano ya sheria yana wenyewe. Kazi ya mtunga kamusi ni kushuhudia watu wasemavyo, na watu hawa husema, hasa katika mikusanyiko yao, katika ngoma na maonyesho yao ya mavazi. Tungeanza kwa kuyasikiliza na kuyaandika maneno yao, kwa ridhaa yao na bila kuwataja majina. Pia tungewafundisha wanafunzi wetu kwamba hadithi isiyoishia kwa majuto yaweza kuwa hadithi iliyokamilika. Hayo tukiyafanya, mwongozaji ajaye atakayetafuta neno la Kiswahili hatalazimika kuridhika na "rafiki".