Kutuza Kabla ya Wimbo

Kazi ninayokusudia kuihakiki hapa si riwaya wala tamthiliya, na najua wapo watakaouliza imeingiaje katika jarida letu. Ni Shift Happens, historia ya kibodi iliyoandikwa na Marcin Wichary, msanifu wa programu za kompyuta mzaliwa wa Poland anayefanya kazi Marekani. Huyu bwana si mwanahistoria wa kusomea. Mwaka 2016 aliingia katika jumba la makumbusho huko Figueres, Hispania, akakuta taipureta tele, akatoka na ugonjwa uliomchukua miaka saba. Februari 2023 akawaomba watu, kupitia Kickstarter, wamlipie kitabu ambacho kilikuwa bado hakijachapwa. Zikapatikana zaidi ya dola 750,000. Si mchezo!

Katika taarab, mtu hunyanyuka kwenda kutuza pale mstari unapomchoma. Fedha hufuata wimbo. Hapa fedha zimetangulia, na swali langu la kihakiki ni hili: fanani aliyekwisha kutuzwa huimba namna gani?

Huimba kirefu. Kitabu kina juzuu mbili ndani ya kasha, kurasa zaidi ya 1,200 na picha zaidi ya 1,300. Kinaanzia taipureta za karne ya 19 na kufika kwenye vioo vya simu tunavyovigusa kwa vidole gumba. Ufundi wa mwandishi uko katika kukifanya kitu kidogo kiwe na maisha. Chukua kitufe cha Shift chenyewe, kilichokuja na Remington namba 2 mwaka 1878. Kabla yake mashine ya Remington iliandika herufi kubwa tupu. Sasa kubwa na ndogo zikakaa kwenye kitufe kimoja, kama wapangaji wawili wa chumba kimoja wanaopeana zamu. (Sisi tumerithi Q na X katika kibodi hiyo, na Kiswahili sanifu hakina kazi nazo.) Lakini kwa maoni yangu kitabu hiki hakijisumbui kumshawishi msomaji asiyejali. Kina haja gani? Wanaojali wamekwisha kulipa.

Hapo lakini lazima nijisahihishe. Kwa miaka kadhaa kabla ya kuomba senti moja, Wichary alikuwa akiwaandikia wafuatiliaji wake barua kuhusu utafiti wake. Kwa hiyo wimbo ulikuwa umeshaanza zamani. Watu walituza walichokwisha kukisikia. Kazi ya kushawishi, ambayo nimelalamika kwamba kitabuni haipo, ilifanyika katika barua hizo. Anayekihakiki kitabu peke yake anahakiki nusu ya utunzi.

Suala hili linanigusa kwa sababu na sisi tuna historia ya namna hiyo isiyo na mwimbaji. Serikali ya Tanzania ilikuwa na kompyuta tangu miaka ya 1960, na mwaka 1974 ikapiga marufuku kuziingiza nchini. Walioziendesha mashine zile, waliotoboa kadi na kuzihesabu usiku, ni wazee sasa. Hakuna aliyewahi kuwaandikia watu barua juu yao, basi nani atawachangia? Mchango hufuata penzi lililokwisha kupandwa, na penzi hili halijapandwa.

Nimejaribu, jamani. Nina daftari moja la mazungumzo na mzee aliyekuwa akitoboa kadi hizo, na muhula uliopita nilipitisha karatasi ya mchango bwenini ili nipate nauli ya kuwafuata wenzake wawili walioko mikoani. Karatasi ya harusi iliyopita wiki hiyohiyo ilijaa pande zote mbili. Yangu ilirudi na shilingi 11,000, na chini yake mtu ameandika kwa kalamu nyekundu: "Kwani hawa wazee walifanya nini?" Sikuwa nimemweleza. Wiki hii nimeanza kumwandikia barua ya kwanza.